Tone la Maji Juu ya Kitambaa

Majuzi binti mmoja anayeitwa Shiko, anayechora na wenzake kule mtaa wa Umoja, Nairobi, alinijia nyumbani kwangu mtaa wa Tena akiwa amebeba kitambaa kikubwa begani. Alikuwa amekitoa soko la mitumba la Gikomba asubuhi hiyo, na alikuwa akicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Shosh, cheki hii kitambaa. Ni nzito, haina hata mshono moja. Nikiiweka kwa fremu si naeza anza tu?"

Nikamwomba glasi ya maji. Akakimbia jikoni, akaniletea, akasimama akingoja ninywe. Mimi nikachovya kidole, nikadondosha tone moja juu ya kitambaa chake, nikavaa miwani nikaliangalia. Shiko naye akaniangalia mimi. Nadhani alikuwa akijiuliza kama kichwa cha huyu bibi anayemwita shosh bado kiko sawa.

Lile tone nitalirudia. Kwanza niwaambieni, nyinyi wenzake Shiko mnaochora, jinsi nilivyojuana nalo. Liliwahi kuniaibisha vibaya, na karibu limnyang'anye mtu mwingine maisha aliyoyataka.

Mimi Mama Wekesa nimeandaa kanvasi za wachoraji kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kibanda kimoja Shauri Moyo, karibu na maseremala wa Gikomba. Kuchora sijui. Nikichora kuku, watu huuliza hiyo ni birika ya aina gani. Lakini ziko picha nyingi katika mji huu ambazo ukizigeuza utaiona kazi yangu: mbao, kona zilizokunjwa vizuri, misumari midogo iliyojipanga kama watoto wa shule. Hakuna anayezigeuza, na hilo halijawahi kuninyima raha.

Aliyenifundisha ni Mzee Shiundu. Alikuwa mtu mfupi, mpole kwa watu na mkali kwa mbao. Jumapili alipiga ngoma katika kanisa lao la kanzu nyeupe, na siku nyingine sita aliwamba kanvasi kwa namna ileile anayowamba ngoma, yaani kwa masikio. Akimaliza kuvuta kitambaa juu ya fremu, alikidunda katikati kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa.

"Hii inasema bu," angeniambia. "Ng'oa misumari uanze tena. Nataka iseme dum."

Kwangu bu na dum zilikuwa kitu kimoja, na ilikuwa hivyo kwa miezi. Nilikuwa nikiitikia tu, "Ndiyo mzee, nimesikia," kama mgeni kanisani anayechezesha midomo wakati wimbo haujui. Siku moja akanishika. Akadunda kanvasi, akaniuliza inasemaje, nikajibu kwa ujasiri mwingi kwamba inasema dum. Akaigeuza. Upande mmoja haukuwa na msumari hata mmoja.

"Kunidanganya mimi si neno," akasema. "Mimi nitakufa. Lakini usizoee kujidanganya wewe."

Nilicheka. Sikujua kwamba ananiambia jambo.

Lakini ngojeni, kwa kuwa tumetaja misumari. Msianzie kona! Naona vijana wengi wakianzia kona, halafu wanashangaa kitambaa kimekunja uso. Anza katikati ya upande mmoja, nenda katikati ya upande wa pili unaouelekea, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo usogee kidogo kidogo kuelekea kona. Ukingo wa mbao unaogusa kitambaa uwe umerandwa ukashuka, la sivyo mstari wa mbao utajichora wenyewe mbele ya picha yako. Na mbao iwe kavu. Seremala wa Gikomba atakuapia kwa mamake mzazi kwamba imekauka tangu mwaka juzi. Muitikie kwa heshima, kisha iweke mbao shavuni. Mbichi huwa baridi. Wao hunicheka wakiniona nimelalia mbao sokoni, lakini hawanipi tena mbao mbichi.

Kitambaa kikishawambwa, hulishwa gundi nyepesi iliyochanganywa na maji, kisha ndipo hupakwa rangi nyeupe, mara tatu, na kila mara hupigwa msasa. Hapo kwenye gundi pia nina kisa. Wiki moja gundi iliisha, nami nikaona uvivu kwenda dukani. Nikajiambia, uji wa ngano nao si unanata? Nikapika. Nikaona una madonge, basi nikatia maziwa kidogo uwe laini, kama ninavyowapikia watoto. Kanvasi ikakauka, ikasema dum hata mimi nikasikia. Siku tatu baadaye kona zote nne zilikuwa zimetafunwa. Panya wa Shauri Moyo walikuwa wameipata staftahi ya maziwa, na hawakuacha hata makombo. Mzee Shiundu hakunigombeza. Aliitundika kanvasi ile ukutani, na mwezi mzima kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Huyo msanii anaitwa Mama Wekesa."

Sasa Halima.

Halima alikuwa msichana wa Majengo, hatua chache tu kutoka kwetu, na mkono wake ulikuwa na baraka. Akichora mkokoteni unausikia ukilia. Babake, Mzee Abdalla, aliuza vitenge kwa jumla. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Aliona tu kwamba picha hazijazi sufuria, na hakuwahi kukutana na mtu aliyemthibitishia vingine. Basi ukumbi mmoja mjini ukamwambia Halima alete picha moja kubwa, na ikiwapendeza wataitundika pamoja na za wachoraji wanaojulikana. Babake akamwekea sharti. Wakiipokea, aendelee kuchora. Wakiikataa, Idd ikiisha anakwenda Kisumu kukaa dukani kwa mjomba wake, na brashi azigawe. Alinieleza hayo huku akicheka, lakini nilimwona akisokota ncha ya mtandio mpaka vidole vikabadilika rangi.

Alitaka kanvasi pana kama kitanda cha watu wawili. Amerikani, kitambaa cha pamba tunachotumia, haikuwa na upana huo, na ilibidi kuunganisha vipande viwili.

"Mshono utapita katikati ya mbingu yangu," Halima akalalamika. "Mama Wekesa, tafadhali. Kila mtu atauona huo tu."

Mzee Shiundu alikuwa amekwenda kwao Butere kwa mazishi. Nilikuwa peke yangu kibandani, na kuwa peke yangu kulinivimbisha kichwa. Nikaingia Gikomba, nikapekua marobota mpaka nikapata kitambaa cha hema kilichofuliwa mara nyingi, kipana, kizito, kisicho na mshono. Sasa mnisikilize vizuri. Mimi kabla ya kanvasi nilishona maturubai ya malori kwa miaka mitatu. Kama kuna mtu Nairobi nzima aliyejua kwamba kitambaa cha hema hutiwa nta ili mvua isipite, ni mimi. Lakini hiki kilikuwa laini kama leso. Nikajiambia nta imeshatoka.

Na tone nilitia. Mzee alikuwa amenifunza: kabla ya yote, dondosha tone la maji. Likizama, kitambaa kina kiu, na utakachokipa kitakishika. Likisimama kama shanga, kimeshiba nta, na kila utakachokipa siku moja kitakitema. Nikadondosha. Likasimama. Nikainama, nikalitazama kutoka upande huu na upande ule. Ukingoni nikaona kama unyevunyevu. "Limezama kidogo," nikasema kwa sauti, na hakukuwa na mtu pale wa kuambiwa. Kisha nikalifuta upesi na kanga kabla halijanijibu.

Nikaiandaa kanvasi ile kwa mapenzi yote. Ikatoka nyeupe, nyororo, na ikasema dum ya kwanza maishani mwangu ambayo niliisikia bila kusaidiwa. Halima alijaribu kuikumbatia mikono ikashindwa kukutana. Ikaondoka kwa mkokoteni, watu wawili wakipiga kelele wapishwe.

Alichora wiki tano. Mzee Shiundu alikuwa amerudi zamani, na picha ilitakiwa mjini Jumatatu inayokuja. Jumatano kabla ya siku hiyo, meza yetu ya kazi ilikuwa ikiyumba, nikachukua kipande kilichobaki cha kitambaa kile cha hema, ambacho nilikuwa nimekipaka kwa majaribio, nikakikunja ili nikiweke chini ya mguu wa meza. Rangi ikatoka. Haikupasuka wala kumeguka. Ilitoka nzima, kama ukoko wa ugali uliopoa kwenye sufuria, na chini yake kitambaa kilikuwa safi kama hakijawahi kuguswa.

Niliogopa, wanangu. Nilikaa juu ya debe la rangi, kipande kikaniangukia miguuni. Na wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Niliwaza: huenda itashika mpaka itundikwe. Ikibanduka hukohuko mjini, watalaumu jua, watalaumu kubebwa. Nani atajua?

Mzee Shiundu akakiokota kile kipande. Akachovya kidole kwenye kikombe chake, akadondosha tone.

"Ulitia tone?" akauliza.

"Nilitia."

"Likasemaje?"

Nikatafuta jibu la kona kona nikalikosa. "Lilisimama, mzee. Nikaliambia limezama."

Akaweka kikombe chini. "Mficha uchi hazai, Mama Wekesa. Tangulia Majengo ukamwambie mwenyewe. Mimi nitakuja nyuma na gundi."

Barabara ile ni fupi, lakini siku hiyo ilinichosha. Nilimkuta Halima uani, picha imeegemezwa ukutani, na nilipoiona nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa Gikomba asubuhi: akina mama wanafungua marobota, mwanamume ameinua gauni juu kuangalia kama limetoboka, na juu yao mbingu pana ya rangi ya chai ya maziwa. Hakukuwa na mshono. Nikamwambia yote, tangu lile tone.

"Huo ni utani, Mama Wekesa?"

"Natamani ungekuwa."

Alikwenda kwenye picha, akagusa ukingo kwa ukucha. Kipande kidogo kikainuka. Akakiachilia polepole, akaketi chini kando ya karai la nguo, machozi yakamtoka bila sauti. Babake akatokeza mlangoni na kofia yake, akauliza kuna nini. Nikamwambia kosa ni langu, si la binti yake, na sikuacha neno. Akaitazama ile picha.

"Basi imekwisha," akasema taratibu. Sikujua kama anasikitika au anashukuru.

Hapo Mzee Shiundu akaingia. Alikuwa na ndoo ya gundi nyeupe ya maseremala, furushi la karatasi laini zile za kufungia zawadi, na amerikani mpya begani. Aliikagua picha, akaidunda kwa kidole kutokana na mazoea, akatikisa kichwa.

"Kisichotaka kushika kitakubali kutoka," akasema. "Tutaivua rangi yote kwa pamoja, tuivalishe nguo nyingine."

"Mzee, picha si shati!" Halima akalia.

"Leo ni shati."

Mamake Halima akapika uji mzito wa ngano. Ilikuwa Ramadhani, akalalamika kwamba hawezi kuuonja ajue umeiva. Nikamwambia mimi ninaufahamu uji wa kazi hii, asitie maziwa tu. Mzee Shiundu alikohoa kikohozi cha kicheko. Tukazibandika zile karatasi kwa uji juu ya uso wa picha ili ziishike rangi tukiivua, moja juu ya ukingo wa nyingine, mpaka Gikomba yote ikafunikwa, tukaiacha ikauke. Jioni hiyo na kesho yake mimi nilishona amerikani mbili ziwe moja, mshono bapa, nikauponda kwa chupa mpaka ukalala.

Ijumaa baada ya sala tukailaza picha kifudifudi juu ya mkeka uani, tukang'oa misumari. Mzee Shiundu akaanza kukivuta kitambaa cha hema kutoka nyuma, taratibu, kikitoa sauti kama ya mtu anayevuta plasta kidondani. Kikatoka chote. Kilichobaki kilikuwa ngozi nyembamba ya rangi, imeshikiliwa na karatasi tu, na ilibidi kuinuliwa na watu wanne ipelekwe juu ya amerikani iliyokuwa ikingoja na gundi mbichi. Mzee alilazimika kuongoza. Mimi, Halima na mamake tulikuwa watatu.

"Mzee Abdalla," nikaita. "Shika kona hii."

"Mimi?"

"Gundi inakauka, baba."

Akakunja mikono ya kanzu, akashika. Tukainua. Akaangalia upande wa juu akaona weupe mtupu. Akainama akaangalia chini akaona karatasi.

"Sasa picha iko wapi?"

"Iko hapo katikati, baba," Halima akasema. "Umeishika."

Yule mtu akaleta na mkono wa pili. Kona ikayumba kidogo. Halima akamwambia, "Usiitingishe," naye akajibu kwa sauti ya mtoto aliyetumwa na glasi iliyojaa, "Sitingishi, mwanangu, sitingishi." Tulivuka ua ule hatua sita, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

Tukaigeuza pamoja, karatasi zikawa juu, tukailaza kwenye gundi, tukaisukuma kwa kifimbo cha kusukumia chapati. Ilihitaji uzito juu yake. Kabla hatujauliza, Mzee Abdalla alikuwa ameingia stoo, akatoka na robota la vitenge mgongoni, kisha la pili, kisha la tatu. Akayapanga mwenyewe juu ya mbao tulizofunikia picha.

Jumamosi tukalowesha zile karatasi kwa maji vuguvugu na kuzitoa kwa vidole. Wa kwanza kutokeza alikuwa yule mwanamume na gauni lake. Halima akapiga kigelegele peke yake. Tulipoiwamba tena kwenye fremu yake, picha ilikuwa salama, ila mbinguni, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, ulipita mshono wangu. Niliuponda nilivyoweza lakini ulionekana. Nikaanza kuomba radhi upya. Halima hakunisikiliza. Alikuwa amekwisha chukua brashi. Jumapili nzima alichora kamba juu ya ule mshono, na kwenye kamba akatundika magauni, mashati na koti moja jekundu, kama wachuuzi wanavyotundika.

Ukumbi uliipokea. Siku ya kufungua tulialikwa wote, Mzee Shiundu amevaa kanzu yake nyeupe ya kanisani. Bwana mmoja wa tai alitueleza kwa muda mrefu kwamba kamba ile ndiyo siri ya picha nzima, inatenganisha mbingu na jasho la wanadamu. Mzee Shiundu akaniinamia sikioni: "Kumbe mshono wako umesoma." Mzee Abdalla yeye hakubanduka kwenye kona ya chini ya kulia. Kila aliyepita alimshika mkono na kumwambia, "Kona hii niliishika mimi." Habari za Kisumu sikuzisikia tena.

Sasa turudi kwa Shiko, ambaye nilimwacha amesimama na glasi. Tone lake lilisimama, la mviringo, linang'aa, halina haraka yoyote. Akainama akaliangalia kutoka upande huu, akazunguka akaliangalia kutoka upande ule. Kisha akaninyanyulia macho.

"Lakini shosh," akasema, "si imezama kidogo?"

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nikamwambia avute kiti, nikamsimulia haya mliyoyasoma. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa na amerikani mbili za kuunganishwa, na brashi zake amezibeba kwenye mfuko mpya aliojishonea kwa kile kitambaa kizito. Nje kulikuwa na mvua kubwa. Akazitoa brashi moja moja, akazipanga mezani kwangu, zote kavu.